Hesabu ya Maganda na Dole Langu

Mie mwaka siushiki kwa nambari, nnaushika kwa tumbo. Nilianza kazi mwaka ule ambao mchele tulikuwa tukiuona harusini na mazikoni tu, na siku nyingine zote tulikula shelisheli. Asubuhi shelisheli la kuchoma, mchana la kuchemsha, jioni la tui, kama nazi ipo. Aliyekula mwaka ule ananielewa. Mwanangu wa kwanza alikuwa ananyonya, mume wangu ana pumu hawezi kupanda mkarafuu, na mie elimu yangu darasa la pili la skuli na msahafu wa chuoni. Nikasikia stoo ya kilimo karibu na Gombani inataka mtu wa kufagia. Nikaenda kufagia, na mle nikatoka miaka mingi baadaye nikiwa mtunza bunduki. Mwanamke, Pemba hii hii. Mnaocheka chekeni, lakini someni.

Siku ya kwanza nilikuta bunduki imeegemezwa ukutani, nyuma yake vumbi. Nikaishika niisogeze nifagie. Sauti ikanipiga mgongoni.

"Weka chini!"

Alikuwa Bwana Shamba Mkubwa, mrefu, mkavu, shati lina mikunjo ya pasi inayoweza kukata limau.

"Ina risasi?" akaniuliza.

"Sijui, bwana mkubwa."

"Hujui, na umeishika?"

"Nnafagia."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Bi Mize, bunduki haiulizwi wala haidhaniwi. Inavunjwa, inaangaliwa. Njoo nikuoneshe, kisha ndipo ufagie."

Kuvunja si kuiharibu. Bunduki zetu zilikuwa za marisau, zile ambazo risasi moja hutapika chembe nyingi ndogo ndogo kama mtama. Unabonyeza kijiti juu ya kitako, inakunjika kiunoni kama mtu anayerukuu, na unauona ndani mtutu mzima hadi upande wa pili. Ukiona mwanga, ni tupu. Usipouona mwanga, una roho ya mtu mkononi. Tangu siku ile sijashika bunduki bila kuivunja kwanza, hata ile niliyoivunja mwenyewe dakika moja nyuma.

Haukupita mwaka akanikabidhi bunduki nizitunze. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tumbili na kunguru walikuwa wakimaliza mihogo na migomba ya watu, basi ofisi ikawa na wasasi wake, wawindaji wanaojulikana, majina yao yamo kwenye orodha. Msasi akija asubuhi hupewa bunduki na risasi tano. Jioni hurejesha bunduki na vitu vitano: risasi nzima, au maganda ya zile alizopiga. Akipiga mbili, alete tatu nzima na maganda mawili. Ganda likikosekana, haendi kwake. Mie nilikuwa na daftari langu mwenyewe, nikiandika majina kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofunzwa chuoni. Ofisi hati ile haikuitaka. Kwenye daftari lao ikataka alama ya dole gumba.

Bwana Shamba Mkubwa aliniwekea kidau cha wino mbele yangu akasema, "Dole hili ndilo linalosema bunduki imetoka kwa ridhaa yako. Ikiua kunguru, dole lako. Ikiua mtu, dole lako. Mie ntahamishwa, ntakufa, karatasi itabaki na dole."

Wasasi mwanzo walinidharau. Mmoja, Kombo, mtu wa maneno, alisema mbele ya wenziwe, "Sasa tunapewa bunduki na mwanamke. Kesho atatupa na kanga tujifunge."

"Kanga ntakupa," nikamwambia, "ukishaniletea maganda yako matano."

Jioni akaleta manne. Nikamrudisha shambani akatafute. Akaenda anatukana, akarudi amenyamaza, jua limeinama. Ganda lilikuwa kwenye mkunjo wa suruali yake. Tangu hapo akiniita "mama mkubwa", na mie namzidi miaka miwili tu.

Baada ya miaka nikapelekwa Vitongoji, kwenye stoo ndogo, mie peke yangu na bunduki tatu. Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Shamba wa Pili, mtu laini, sauti ya pamba, akiniita "dada yangu". Nilimpenda. Nnalisema hili kwa sababu watu hudhani ubaya huja na uso mbaya.

Msimu mmoja karafuu zilizaa hata matawi yakalala, na wezi wakaja. Wezi wa karafuu hawachumi, wanavunja tawi zima, na tawi lililovunjwa halizai tena miaka. Mzee Hamad aliamka akakuta mikarafuu yake miwili imebaki kama fagio. Mzee yule alikuwa safu ya mbele msikitini, hana ugomvi na mtu, kuku wa jirani akiingia kwake humrudisha kwa mikono miwili. Akaja ofisini analia. Bwana Shamba wa Pili akanijia.

"Dada yangu, mpe bunduki moja, wiki moja tu. Awatishe."

"Hayumo kwenye orodha, bwana."

"Lakini wewe humjui? Yupo mtu mwema kumshinda?"

Sikumjua aliyemshinda. Nikatia wino, nikaweka dole. Risasi tano.

Sasa sikilizeni jinsi karafuu zinavyochumwa, maana bila ya hilo hamtaelewa. Mchumaji hakai penye ncha ya tawi, litavunjika. Anakaa katikati ya mti, na kwa ng'oe, mti wenye kulabu, anavuta tawi la mbali limjie. Kwa hiyo anayetazama kutoka chini anaona jani linatikisika kule, na mtu haonekani. Ndiyo maana wachumaji hawanyamazi juu ya mti. Wanaimba, wanatukanana kwa mzaha, wanaulizana habari za mke mti kwa mti, ili aliye chini ajue juu kuna nani.

Mzee Hamad alikuwa na mwanawe, Makame, kijana aliyekwisha kuoa, anaishi ukweni. Makame alisikia huzuni ya baba yake. Akasema nitamwahi, nimchumie mti mmoja mzima kabla hajaja shamba, afurahi. Akapanda baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijatoka. Akanyamaza kimya, asimharibie baba furaha.

Mzee akafika. Akaona tawi linatikisika, na sauti hakuna. Akapiga.

Makame hakufa, alhamdulillahi. Marisau yalimwingia bega la kulia na shingo. Siku ya tatu Mzee Hamad alikuja stoo. Hakuingia, alikaa barazani, bunduki akailaza mbele yake. Akafungua leso, ndani risasi nne nzima na ganda moja.

"Bi Mize," akaniambia, "hesabu yako imetimia."

Mimi nimezika mume, nimezika mtoto. Sijasikia neno zito kuliko lile. Tulikaa pale tunalia kama watoto walioachwa, na bunduki katikati yetu, na hata hivyo mkono wangu uliichukua ukaivunja, kuangalia.

Baadaye akaja Mkaguzi kutoka Unguja na mkoba wake. Mtu wa mbio. Akafungua daftari, akaandika jina la Mzee Hamad kwenye orodha ya wasasi, na tarehe ya nyuma, ionekane alikuwemo siku zote na ilikuwa ajali ya kazi. Akanisogezea wino.

"Weka dole hapa, Bi Mize, tumalize. Hakuna atakayeumia."

"Ameshaumia," nikasema.

"Utapoteza kazi."

"Mkono ni wangu, na dole langu siliweki."

Sikujua kama nina sauti ile. Nikahamishiwa Wambaa, nikarudi kwenye ufagio, nikifagia bohari ya mbolea. Nilifagia vizuri. Wakubwa wawili walinipitia pale, na wa pili, Bwana Shamba Kijana, ndiye aliyeuliza mbona mfagizi anayajua majina ya sehemu za bunduki. Nikamhadithia. Akanirudisha Gombani, na huko ndiko nilikomalizia. Mwisho mwisho ilitoka amri bunduki za wasasi zirudishwe, na magobori ya watu pia, zile bunduki za kizee za kushindilia baruti mdomoni. Nilizipokea mie, moja moja, nikizivunja zinazovunjika. Zingine zilikuwa na kutu hadi moyoni. Siku ya kustaafu walinipa kitenge na saa ya ukutani. Saa ilikufa, kitenge ninacho.

Nisiseme uongo, maana utu uzima na uongo havikai chumba kimoja. Bunduki zilipoondoka, tumbili walirudi kwa kishindo, wakala mihogo yangu huku wananitazama. Na wezi wa karafuu wapo. Msimu huu wameuvunja mkarafuu wangu mmoja kati ya mitatu, mti alioupanda baba yangu. Nililia chini yake mchana kweupe.

Miti ile anaitunza mjukuu wangu, Faki, niliyemlea baada ya mama yake kufariki. Kama ilivyo kwetu, namwita mume wangu, naye ananiita mke wake mkorofi. Hakuna mume mzuri kama yeye, ananitwangia, ananitekea maji, ananikata kucha za miguu nisizozifikia. Baada ya wizi alikuja kwangu na karatasi.

"Mke wangu, hii fomu ya kuomba kibali cha bunduki. Inataka mwenye nyumba akubali silaha ilale kwake. Nyumba yako. Mengine polisi wataamua wenyewe."

Nikamwambia iache mezani.

Ijumaa sheha, mkubwa wa shehia yetu, akaita mkutano, maana si Faki peke yake. Vijana wengi walitaka. Mmoja akasimama na simu akasoma kwamba ipo nchi watu wote wana bunduki na mwizi anaogopa. Mwenzake naye, simu yake, akasoma kwamba ipo nchi wamezipiga marufuku na mauaji yamepungua. Wakaanza kurushiana nchi. Nchi zote za mbali, hakuna hata moja inayochuma karafuu.

Sheha akasema, "Bi Mize ameishi na bunduki kuliko sote. Tumsikilize."

"Hesabu za kwenye simu sizijui," nikasema. "Ninazijua za maganda. Mtaniuliza bunduki ikifika kwa mwizi itakuwaje. Mie sikumpa mwizi. Nilimpa mtu mwema kuliko nyote mliokaa hapa, na sheha unisamehe."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha, kwa sababu Makame alikuwa amekaa mlangoni. Siku hizi ni mtu mzima, ndevu nyeupe. Marisau mengine bado yamo begani, na mvua ikikaribia yeye ndiye wa kwanza kujua. Akitaka kunisalimu kwa mbali hunipungia mkono wa kushoto, wa kulia haufiki juu. Hajanilaumu hata mara moja. Baba yake alimmenyea machungwa mpaka alipokufa, mwanamume na watoto wake, anamenyewa machungwa na babake. Pale mkutanoni Makame aliinua mkono wa kulia, ukafika kifuani, ukakomea hapo.

Faki hakuja kwangu siku tatu. Nilijua amenuna, na mie nikanuna, maana mke naye ana haki. Maji nilijitekea, ndoo nusu nusu. Siku ya nne akapiga hodi na shelisheli mkononi, kubwa, limeiva sawasawa. Nikalichoma mwenyewe. Tukakaa kitako jikoni, yeye anamenya ganda lililoungua na ananipa nyama ya katikati kama ninavyopenda.

"Mke wangu, yule mzee hakuwa na tochi. Mie ntakuwa na tochi."

"Tochi ina macho? Inajua aliye juu amenyamaza kwa nini?"

"Basi tuwaachie tu watuvunjie miti?"

"Sijasema hivyo. Nimeshazungumza na Makame na wenye mashamba ya jirani. Tutakaa zamu, watu wawili wawili, na madebe ya kupiga. Zamu yako ntakaa na wewe. Nishike ukuti nikufukuzie mbu, nikuchekeshe usilale."

"Wewe magoti hayo?"

"Utanibeba. Si mume?"

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Ule mti aliupanda babako, bibi. Nilikuahidi ntautunza." Aliponiita bibi, si mke, nikajua hapo ndipo panapomuuma. Nikamwambia, mti nimeulilia, nimemaliza. Wewe nikikulilia sitamaliza.

Akaichukua karatasi mezani, akaikunjua juu ya goti. Akatoa mfukoni kidau cha wino, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Akaushika mkono wangu polepole, kama anavyoushika akinikata kucha, akalifuta lile dole masizi ya shelisheli kwa ncha ya shati lake.

"Dogo tu, mke wangu," akasema. "Kwa ajili yangu."

Nimemlea yule. Hakuna nilichomnyima tangu anatambaa. Nikaufunga mkono wake ndani ya mikono yangu yote miwili, nikaubusu, nikamwambia:

"Mkono ni wangu, na dole langu siliweki."