Pete ya Karatasi Nyekundu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliiba ukanda wa karatasi uliozungushiwa sigara nene ya baba. Niliuiba. Juzi, kwenye duka la uwanja wa ndege, niliona sigara nene kama ile nyuma ya kioo, kila moja na ukanda wake wa dhahabu, nikageuka haraka kama mwizi mwenye shahada mbili.

Baba alikuwa akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja ya ubora huko Songea. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja, mmoja alimletea sigara moja, akamwambia imefungwa kwa jani alilolichagua baba mwenyewe. Mimi niliamini thamani yote ni ule ukanda mwekundu. Niliuchomoa, nikauvaa kama pete, kidole kikanuka moshi na asali.

Alasiri ile baba aliitoa sigara, sasa bila ukanda, mbele ya majirani, Mzee Komba akiwemo.

“Aah, mwenzangu!” alisema Mzee Komba. “Huu si msokoto wa tumbaku wa bibi yangu kule Mpitimbi?”

Watu walicheka. Baba alilipapasa jani taratibu. “Litazame vizuri. Tafuta tundu hata moja.”

Mzee Komba alitafuta, asilione, akairudisha kwa mikono miwili.

Jana nilimpigia baba simu, nikakiri.

“Nilikuona umeivaa, mwanangu,” alisema. “Karatasi ilikuwa ya wale wanunuzi. Jani lilikuwa langu.”