Pikapu ya Mteremkoni

Masinde, muuza kabichi wa Nakuru, alijigamba kwamba hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka wa hamsini na tano alikwenda Subukia kununua pikapu kuukuu ya mkulima Joash. Aliyapiga magurudumu mateke, akanusa oili, akalala chini kutafuta kutu mpaka koti likawa tope tupu. Joash akaingia, akaachia breki. Pikapu ikateremka kidogo, ikashtuka, ikanguruma. Masinde akalipa bila kubishana.

Kesho yake, nyumbani kwenye tambarare, pikapu haikuguna hata kidogo. Mkewe Nanyama, aliyeisukuma mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, aliposimuliwa jinsi Joash alivyoiwasha akafoka: "Baba Milcah, hukuona ameiegesha mteremkoni?"

"Niliona. Nilidhani anapenda mandhari."

Mwezi uleule walihamia nyumba ya kilimani. Wageni walipouliza sababu, Masinde alisifu hewa safi. Nanyama alikohoa.