Bandeji ya Msimu wa Palizi

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikwenda kufungwa kidole kwenye zahanati moja ya Nachingwea. Mbele yangu alikuwepo mama mkulima wa Nambambo, amesimama kashika ukingo wa meza. Nesi akampandisha blauzi mgongoni, akatazama, akasema, "Umepona, mama. Hapa sina cha kufunga."

Chumba ni kimoja, nikachungulia. Kovu halikuzidi ukucha wa kidole gumba. Kumbe alipasuliwa Dar: gegedu la katikati ya pingili za mgongo lilichomoza likabana mshipa wa mguu, madaktari wakaondoa kile kipande kwa kupitia kitundu kidogo tu.

"Nifunge hivyo hivyo, nesi," mama akasema. "Daktari kanikataza jembe miezi mitatu. Mama mkwe kaliona hili kovu, akaniuliza, 'Hiki ndicho cha kukulaza?' Na kesho tunaanza palizi."

Nesi akatoa bandeji pana, akamzungushia kiunoni raundi nne, akabandika plasta juu kama anayefunga kifurushi cha posta.

"Usiifungue mpaka palizi iishe."

Waliogundua kupasua kwa kitundu walimfikiria sana mgonjwa. Mama mkwe hawakumfikiria.

Mimi nilikuwa nimejikata kwa kopo la nyanya. Kabla sijafika nyumbani, watu saba walishanipa pole ya kidole. Najiuliza yule mama, alipokuwa akija bila bandeji, alipewa pole ngapi.