Suva ya Kipupwe

Penina aliondoka kijijini Ihumwa na jembe lake na nguo alizovaa. Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji zake wakalichukua shamba. "Hukuzaa," walimwambia. "Utalima kwa ajili ya nani?" Neno hilo lilimkwama kooni kama kapi la uwele, na mpaka leo halijashuka.

Sasa anaishi Mkonze, na anamtunzia bustani Kanchan, muuza viungo wa mjini. Binti yake Kanchan, Kinjal, alipopata mimba ya kwanza, mama mtu alileta mbegu za suva, ambayo wengine huiita shibiti.

"Kwetu Wahindi mzazi hulishwa majani haya ili maziwa yashuke," alisema. "Mtoto anakuja mwezi wa saba. Nakutegemea, dada."

Penina akazipanda mvua ya kwanza ilipogonga bati, kama alivyopanda uwele maisha yake yote. Suva ikaota, ikarefuka, na jua la Februari lilipowaka ikachanua maua ya njano kabla majani hayajajaa kiganja.

"Penina, umenilimia maua ya harusi!" Kanchan alicheka. Hakuwa na ubaya, ila Penina alisikia sauti za Ihumwa. Hata hivyo hakuing'oa. Mbegu zilipokauka alizipukusa, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Mwezi wa tano, watu wamekwisha kuvuna, upepo wa baridi ukaanza. Mmea ule uliogopa joto, Penina aliwaza, si kiu. Akatifua udongo kwenye kivuli cha ukuta, akamwaga mbegu.

"We Penina, unapanda vumbini?" Loisi, jirani yake, alimtania akipita na ndoo kichwani. "Au mvua imekuahidi wewe peke yako?"

"Punguza maneno, punguza na hayo maji. Mwaga hapa."

Loisi akacheka, akamwaga.

Kila jioni Penina alinyweshea kwa kopo lililotobolewa. Majani yakasimama, mengi na laini kama nywele za kichanga.

Kinjal alipojifungua, Penina alichuma fungu zima, akalipeleka. Akasita mlangoni. Kule Ihumwa, wanawake waliwafunika watoto wao akipita, wakihofia jicho la asiyezaa.

"Mama, yamepatikana!" Kinjal alisema, akiyanusa.

Kanchan akalipokea fungu. "Basi mshike mjukuu wako, dada, mimi nikapike."

Penina akafuta mikono kwenye khanga, akafuta tena, akampokea. Mtoto akageukia vidole vile vilivyonukia suva, akaanza kutafuta ziwa.

"Subiri, baba," Penina alimnong'oneza. "Mama yako anapikiwa."