Harusi Bila Bibi Harusi

Edvina alikuwa mpiga picha wa Bilele, mjini Bukoba. Jumamosi harusi, siku nyingine misiba, na siku mbaya vyote viwili chini ya turubai lilelile, mshereheshaji yuleyule kabadilisha tai tu. Picha zilijazana kwenye kompyuta hadi akachoka kuzitenganisha kwa macho. Ndipo akaanza kujifunza mitandao ya neva, programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, kwa laibrari moja ya programu ya kufundishia wanafunzi, ndogo kiasi kwamba msimbo wake wote unaumaliza kuusoma kabla ndizi hazijaiva jikoni.

Alielewa upesi. Unaulisha mtandao picha, nao unabahatisha: harusi au msiba. Ukikosea, kosa linarudishwa nyuma, nyuroni kwa nyuroni, zile chembe za mtandao, kila moja ikibebeshwa sehemu yake ya lawama. Kikao cha ukoo kabisa, isipokuwa nyuroni hubadilika.

Mtandao ulipoacha kukosea, mchana mmoja wa mvua Edvina akaulisha, kwa mzaha, picha ya sendofu yake mwenyewe. Jumamosi ya wiki ile alikuwa anaolewa na Avit, mwalimu wa Buganguzi kule Muleba.

MSIBA.

Akaufuta, akaufundisha upya tangu mwanzo. MSIBA. Akaanza kuziba picha kipande kwa kipande kwa kiraka cheusi, ajue mtandao unatazama nini. Akaziba keki: msiba. Akamziba Avit: msiba. Akajiziba yeye.

HARUSI.

Mvua ikakatika ghafla, kama mtu aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

Akamwita shangazi yake Klaudia, aliyekuja kumfunda. "Tatenkazi, shangazi yangu, njoo uone."

"Nione nini? Kompyuta imekupa mimba?"

"Inasema nikiolewa ni msiba."

"Hata mimi ningekuambia, tena bure. Mama yake Avit si umemwona?"

Lakini Klaudia alipoinama kwenye kioo cha kompyuta, utani ulimkauka. Kushoto, picha ya msiba: wafiwa wameketi kwenye nyasi, vichwa chini. Kulia, ile ya sendofu: Edvina amepiga magoti mbele ya wakwe, kichwa chini. Kisogo kilekile.

"Nani alinifundisha kuinama hivi?" Edvina akauliza.

"Mimi."

"Na wewe ulijifunzia wapi?"

"Msibani. Wanawake tunakutana wapi kwingine?"

"Basi nikipiga magoti tena siolewi, nazikwa."

"Usipopiga, watakurudisha Bilele kwenye lori la viti!"

Jumamosi, Buganguzi, ukoo wa Avit ulijaa chini ya turubai, nyasi mbichi zimetandikwa. Ikafika zamu ya kumlisha mama mkwe keki. Mkono wa Klaudia ukamkandamiza Edvina begani. "Shuka, mwanangu."

"Dada, shuka," akadakia Faruku, mpiga picha wa siku ile. "Kichwa kinatoka nje ya picha!"

Edvina akabaki wima kama mgomba, akanyoosha mkono wenye kipande cha keki.

Mama mkwe akaitazama keki, akayatazama magoti. Kisha akapiga ukunga. Si kigelegele, ule hasa wa maiti kufikishwa nyumbani. Wanawake wa ukoo, kwa mazoea tu, wakaketi kwenye nyasi mmoja baada ya mwingine, wakijifunika vitenge kichwani.

"Nani amefariki?" mmoja akanong'ona.

Muziki ulikuwa umenyamaza bila kuzimwa na mtu. Chini ya turubai vilibaki visogo tupu, safu kwa safu, vikingoja.

Avit alikuwa katikati ya mama na mkewe, magoti nusu yamekunjwa. "Edvina," akasema polepole, "nikae au nisimame?"

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

Avit akamtazama mama yake. Akavitazama vile visogo. Akanyoosha magoti, yakalia ko!, akaichukua keki vidoleni mwa mkewe, akaila yote.