Oili Niliyoitia Kwenye Klachi

Asubuhi moja ya ujana wangu bado naikumbuka, mwanangu, ingawa nimechoka kuikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi katika gereji ya Mzee Shivachi hapa Kakamega mjini, na nilijiona nimeshahitimu. Bwana Swaleh, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Matungu, alikuja na pikapu yake kuukuu, naye ana haraka. Pedali ya klachi ilikuwa imelegea. Akiikanyaga inazama hadi karibu na sakafu, na gia zinakwaruza zikiingia.

Nilifungua kikopo cha mafuta ya klachi, nikakuta yamepungua. Sikujiuliza yameenda wapi. Mafuta hayo hayachomwi na injini, mwanangu; yakipungua, kuna mahali yanavuja. Ilikuwa niinue zulia chini ya pedali nione kama silinda ya juu inalowesha, kisha nilale chini niikague ile ya pili, kando ya gia boksi. Sikufanya hata moja. Klachi hutumia mafuta yale yale ya breki, nayo siku hiyo yalikuwa yametuishia. Duka halikuwa mbali, ila nilisikia uvivu. Nikachukua oili ya injini iliyokuwa karibu na mkono, nikajaza. Pedali ikapanda. Bwana Swaleh akaniombea heri, akaenda zake. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi hata huo ufa sikuutafuta.

Wiki mbili baadaye pikapu ilirudi ikivutwa kwa kamba. Bwana Swaleh alikuwa amesimama sokoni, injini inanguruma, gia imeingia, mguu uko kwenye klachi, akimngoja mdogo wake Juma apite mbele ya gari aje kupanda. Klachi ikaachia yenyewe. Gari likaruka, likambana Juma ukutani. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Mzee Shivachi alifungua silinda zote mbili. Raba za ndani zilikuwa zimevimba na kulainika kama maharagwe yaliyolala majini. Akanusa vidole vyake.

"Hii ni oili ya injini. Raba haisemangi uongo. Nani aliitia?"

Tulikuwa mafundi wawili, mimi na Ingosi. Kazi za breki na klachi kwa kawaida zilikuwa zake, kwa hiyo Mzee akamtazama yeye.

"Si mimi, Mzee," Ingosi akasema. Kisha akanigeukia, akangoja. Nami nikainama kutafuta spana ambayo sikuihitaji. Ingosi alifukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Mchana Mzee alisafisha bomba lote, akatia raba mpya na mafuta yanayostahili. Ikabaki kutoa hewa, maana hewa ikikwama ndani pedali huwa laini kama sponji. Mimi nilikaa kitini nikanyage, yeye akalala chini kufungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa.

"Kanyaga. Shikilia. Umeshikilia?"

"Nimeshikilia, Mzee."

"Haya, achilia."

Ukiachilia kabla mwenzako hajafunga, hewa inarudi na kazi inaanza upya. Yeye hakuniona, lakini kila nilichosema alikiamini. Mara ya sita au ya saba nikashindwa kujizuia.

"Mzee, ile oili niliitia mimi."

"Shikilia hivyo hivyo," akasema. Akafunga skrubu, akatoka, akajipangusa mikono polepole. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. "Kuharibu gari, kila fundi ameharibu. Lakini umeniacha nimfukuze mtoto wa watu, na wewe unaangalia. Enda umlete."

Nilimkuta Ingosi kwao, karibu na Isecheno, akipalilia na mama yake. Nilimwomba msamaha, nikamwambia kazi yake ipo. Alinisikiliza ameegemea jembe.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sirudi. Nitalalaje chini ya gari na wewe ndiye uko kwenye pedali?"

Na kweli hakurudi. Alipata kazi ya kutunza miche ya miti. Tukikutana matangani tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi. Juma alipona, ila anachechemea mpaka leo.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Pedali ikizama, usiongeze mafuta ukamwachia mwenye gari aende, tafuta yanakovujia. Tia yale ambayo gari lilitengenezewa, hata kama duka liko mbali. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa lako halijapata mtu mwingine wa kulibeba. Mficha uchi hazai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mtu akishaacha kukuamini, hakuna duka linalouza kipuri chake.

Mungu akulindie macho na mikono, akupe ujasiri wa kusema "ni mimi," na akuzeeshe ukiwa bado na rafiki zako wa ujanani.