Kikwembe mbele ya foni

Ndiyo, ilikuwa kavu. Nilikubali jana na ninakubali tena leo: kikwembe ya dada ilitoka mbele ya foni kavu sawa vile iliingia, hakukukuwa hata tone moja ya mayi. Lakini yaya, mukubwa yangu, ile ukavu uliikamata sawa muntu anakamata mwizi mu shamba, uko unaionyesha bantu bote, juu we unasoma ku université na mi ninasoma paka secondaire. Unasema sauti inapita, mayi haipiti. Muzuri. Hata mi nilisoma ondes, mawimbi ya radio. Mwalimu yetu alizichora ku tableau sawa milima kidogo-kidogo yenye kufuatana, akasema inapita mu miti, mu kuta, mu miili yetu, na hakuna mwenye kuisikia pasipo machine. Tulicheka. Mi kisha sikucheka tena, juu nilikuwa pale, na we haukukuwa pale. We ulifika wakati mutoto alikuwa tayari mu nguo, ukaanza kurekebisha bantu.

Kila mara ninaanza kukuelezea pa meza, unanikata. Basi ninaandika. Karatasi haikati muntu maneno.

Ile siku ya foni, dada yetu alikuwa ku materinite, kwa kuzalia, tangu jana yake. Mutoto alikataa kushuka. Munganga, dokta ya pale, alisema lazima apasue, na apasue ile siku, asingojee. Dada akakataa. Si juu ya kisu. Mama alimuuliza karibu na sikio, na dada akajibu na sauti ya muntu amechoka kabisa: "Musinipasue na ile neno juu yangu."

Ile neno tunaijua bote mu nyumba, hata we. Wakati dada aliolewa, baliifanya yote hapa mu muji, haraka-haraka, na hakuna muntu alienda ku kijiji, Lukafu, kumujulisha kambo, mama ya mama. Kwetu mutoto mwanamuke haolewi kama kambo yake hayasikia. Kambo alisikia kwa shofere ya kamyo ya mahindi. Alishusha kitunga yake chini, akasema: "Balimuoza bila mi kujua. Basi azale bila mi kujua." Kisha akabeba kitunga, akaenda zake. Ule shofere alituletea maneno sawa vile analeta mifuko, bila kupunguza kitu.

Neno ya kambo inafunga. Na kuifungua kuko njia moja: yeye mwenyewe anaita bakubwa benye kufa, kila mumoja na jina yake, kisha anakamata mayi mu kinywa na anaipulizia tumbo ya mwenye mimba. Lakini kambo iko Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, na ilikuwa kati-kati ya mvua. Barabara ilikatika. Kamyo zilikuwa zinalala mu matope na bashofere yazo banalala juu ya mifuko.

Ilibakia foni, ile radio ya kusemea mbali.

Haujaingia ku depot ya Haji, basi nikuambie vile iko. Haji, bazee yake balitoka Maniema, yeye ananunua mahindi ku Lukafu na anaiuzisha hapa. Mu depot yake, nyuma ya mifuko, kuko machine ya chuma, munene sawa sanduku ya nguo, na waya inatoka mu dirisha mpaka juu ya muti. Inakunywa batri ya kamyo, juu moto ya umeme inakatika wakati inapenda. Kule Lukafu iko ingine namna ile, na karani yake. Leta, ni kusema serikali, ilimupa Haji otorizasio, ruhusa ya foni, kisha kumungojesha sana, na otorizasio inakuya na masharti. Haji anajua masharti sawa vile anajua sala yake: kusema paka mambo ya kazi, ao ya mugonjwa. Hakuna politike. Hakuna maneno ya kuficha. Na luga, paka ile Leta yenyewe iko inasikia: Kifransa, Lingala, Kiswahili.

Mama alitoka ku materinite na kikwembe yenye dada alikuwa anavaa. Mi nilimufuata mu mvua. Sikumuuliza juu ya nini anabeba kikwembe.

"Karibu, mama," Haji akasema. "Kuko nini? Unapumua sawa kamyo yangu ya zamani."

Mama alieleza yote. Haji alivua kofia yake, akaiangalia ndani, akairudisha.

"Mugonjwa, sawa. Leta inaruhusu mugonjwa. Lakini kambo atasema luga gani?"

"Ya kwetu. Anaita bafu, bale benye kufa, Haji. Bafu bajue luga ingine gani?"

"Basi haiwezekani, mama yangu."

We unajua mi siwezi kungojea. Nikasema: "Haji, hata hewa iko na bendera ya Leta?"

"Iko nayo, mwanangu. We hauioni paka." Hakukasirika. Alinielezea polepole sawa muntu anatoa mwiba. Kulikuwa mucuruzi mwenzake mwenye foni, aliachilia muntu moja aseme habari ya kilio na luga ya kwao. Kilio tu. Benye kusikiliza kwa Leta habakuelewa, na kitu yenye habaelewi inabatia woga. Balikuya, balikata waya, balibeba machine. "Kamyo zake sasa ni bipofu," Haji akasema. "Inaenda bila kujua kama daraja iko. Unataka na zangu?"

Mama alisema paka: "Umuite. Tutasema Kiswahili."

Haji akafungua machine. Yaya, fizike yako haikunitayarisha. Kwanza taa moja ndogo nyekundu. Kisha sauti sawa mvua juu ya manjanja, bati ya nyumba, lakini haikukuwa mvua ya inje, ilikuwa ingine, ya ndani ya machine, ya mbali. Halafu mapiriri, sawa muntu anapiga miluzi. Halafu muntu moja, sijui wapi, anahesabu ngombe mu Kifransa, na akapotea. Nilifikiri: ile muntu iko anapita mu mwili yangu sasa hivi, yeye na ngombe zake. Na dunia yote inapita vile, muchana na usiku, na sisi tunakulya bukari, ugali yetu, tu.

Haji aliita, akaita tena. Karani ya Lukafu akaitika, akaenda kumutafuta kambo. Tulingojea na ile mvua ya machine. Mama alikuwa anakunja kikwembe na kuikunjua.

Kisha tulisikia kukohoa. Hakuna jina, hakuna salamu, kukohoa tu. Mama akasimama.

"Nani iko ndani?" sauti ya kambo ikauliza, na Kiswahili yake ya soko.

"Ni mi, mama. Niko Lubumbashi."

"Unadanganya. Lubumbashi iko mbali. We uko mu sanduku."

Haji alifunika kinywa yake. Mama hakucheka. Alimwambia yote na Kiswahili, maneno mafupi: mutoto anakataa, munganga anataka kupasua, dada anakataa juu ya ile neno.

"Mumulete," kambo akasema.

"Hawezi, mama. Na barabara hakuna."

"Basi sogeza sanduku, nibaite bakubwa."

Haji akakamata mikro na mikono yote mbili. "Kambo, unisamehe. Paka Kiswahili. Ni amri ya Leta."

"We nani?"

"Mwenye foni."

"Mwenye foni, sikia. Bakubwa yangu balikufa mbele Kiswahili haiyafika huku. Nikibaita na luga ya kuuzisha mahindi, nani ataitika? Batazania ninabatembezea bunga."

"Batanibebea machine, kambo. Nina kamyo mu barabara."

Mi niliangalia Haji. Ku paji ya uso yake mulikuwa jasho, na kulikuwa baridi. Sikumuchukia tena. Nilielewa kama ile masharti haikukuwa ku karatasi tu, ilikuwa imekaa ndani ya tumbo yake.

"Leta iko inasikia sasa?" kambo akauliza.

"Inaweza."

"Isikie basi."

Na hakusema tena neno. Tulisikia kikombe inaingia mu mutungi. Ilikuwa karibu sana, yaya, ningeweza kusema hata mutungi ilikuwa imejaa mpaka wapi. Kisha kimya. Ile kimya ilikuwa murefu, na mi, mwenye kungojea kunanichoma, sikuomba iishe. Mama alifahamu mbele yangu. Muntu mwenye mayi mu kinywa hawezi kusema, lakini anaweza kubaita mu roho, na mu roho anaita na luga yenye anapenda. Mama akakunjua kikwembe na kuishika wazi mbele ya machine, pale sauti inatokea, sawa vile unamushikia mutoto nguo wakati anatoka mu kuoga.

Halafu kambo akapuliza.

Sindano ya machine iliruka mpaka mwisho. Sauti ilijaza depot, ikapiga mifuko, ikanipita. Nitaandika vile niliona, sitaongeza: kikwembe haikutikisika.

Kule Lukafu karani alilalamika: "Haji, mikro yote iko na mayi. Na uso yangu. À vous, zamu yako."

Haji alishika mikro. Aliangalia dirisha, pale waya inatoka kwenda inje. Kisha alijinyoosha, na akasema na sauti ya nguvu, si kwa karani: "Kwa bote benye kutusikiliza: hii haikukuwa luga. Hii ilikuwa mayi. Terminé." Akafunga. Taa nyekundu ikakufa, na Haji akakaa chini juu ya mufuko ya mahindi.

Tulikimbia. Dada aliona kikwembe, akauliza: "Alisema nini?"

"Hakusema," mama akamujibu. "Alipulizia."

Dada akaikamata, akaiweka juu ya tumbo, akafunga macho. Aliigusa na mukono, na ninajua alisikia kama iko kavu, juu yeye si mujinga. Hakuuliza mayi iko wapi. Akasema: "Muite munganga."

Sasa unasema munganga njo alimutoa mutoto, si mate ya kambo. Kweli, munganga njo alimutoa, na mikono yake, na kisu, na ninamushukuru. Lakini nani alimuita munganga? Ile mulango dada alikuwa anaifunga kwa ndani, na munganga hakukuwa na funguo yayo. Funguo ilitoka Lukafu. Ilipita juu ya muto Lufira yenye kujaa, juu ya barabara yenye kukatika, juu ya matope na bashofere benye kulala, ikafika mbele mi nipumue mara mbili. Unitafutie mu bitabu yako neno ya kitu sawa ile, na kama iko ndogo kuliko "ajabu," sitaipokea.

Na ninafikiri sana juu ya ule muntu ingine. Mu nyumba fulani ya Leta, pengine karibu na pale tunapitaka kwenda ku kelasi, kuko muntu mwenye kuvaa machine ku masikio, kazi yake ni kusikiliza jimbo yetu yote ya Shaba. Alisikia kikombe. Alisikia ile kimya. Alisikia kambo anapuliza, mu masikio yake mbili, karibu kuliko sisi. Pengine na yeye iko na kambo fulani. Hakuna muntu alikuya kukata waya ya Haji. Siku zinapita na hakuna muntu anakuya.

Lakini haiyaisha, na hapa njo tuligombana leo. Haji alimujulisha karani, karani akamujulisha kambo: mutoto alizaliwa, mwanaume, na mama yake iko muzima. Kambo akajibu: "Siyamusikia." Anazania tunamudanganya juu asikasirike. Tangu ile siku anakulya bila chumvi, sawa vile bamama ya kwetu banafanya wakati mimba iko mu hatari, na alisema hatagusa chumvi mpaka asikie mutoto na masikio yake. Yeye ni muzee. Karani anasema alishaanza kukonda.

Mbele hatukuweza kufanya kitu, juu mutoto haendi inje kama kitovu haiyaanguka. Leo asubui ilianguka. Mama aliizika. Mu mangaribi nikasema: nitamubeba ku Haji, materinite na depot hata si mbali.

Ukacheka, yaya. Ukasema: "Na kama Leta inauliza kulia ya mutoto ni luga gani?"

Nilienda kumuuliza Haji palepale. Akavua kofia, akairudisha. Akasema: mutoto hayajifunza bado luga ya muntu yeyote, basi hakuna sharti yenye kumukataza, lakini nikuye mapema mbele ya makamyo, na asikawie. Mashaka yake ilikuwa ingine: mutoto anaweza kufika pale na kunyamaza. Batoto ya siku hizi za kwanza banalala sana, na kambo hawezi kusikia usingizi.

Basi nilisemezana na dada. Hakufurahi, lakini alikubali, juu na yeye anajua chumvi ni nini. Kesho asubui nitaamuka mbele ya bote, nitaenda ku materinite, nitamufunga mu ile kikwembe, na nitamubeba ku foni mbele ya kunyonya, na njaa yake yote yenye kumuliza.